Meko ya Nyumbani: Moto Kwanza, Vigae na Mbao Baadaye



Mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani hapa Kigali, alitualika nyumbani kwake Nyamirambo jioni moja ya masika ili tukayaone meko yake mapya. Nyumba yenyewe ni ya zamani, na ina kitu ambacho nyumba nyingi za mji huu hazina: meko ya ukutani, yenye dohani inayopanda mpaka juu ya paa. Hapo ndipo chungu cha maharage huchemka kutwa nzima siku za mapumziko, na hapo ndipo jamaa hukaa usiku mvua inaponyesha. Kwa miezi minane mwenzetu alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake. Akanunua vigae vyeupe vyenye maua ya buluu, akanunua mbao za grevilea, akamwita fundi. Kazi ilikwisha Ijumaa. Sisi tulifika Jumapili.

Kwa macho tu, kazi ilipendeza kweli. Basi mwenyeji wetu akawasha moto kwa heshima ya wageni. Haukupita muda wa saa moja kigae kimoja cha juu kikalia kama kijiti kinachovunjwa, kikabanduka na kuangukia majivuni. Kikafuata cha pili. Rafu ya mbao iliyokuwa juu ya mdomo wa meko ikaanza kunuka vanishi, kisha vanishi yenyewe ikafura malengelenge. Moshi nao ulikuwa ukirudi chumbani tangu mwanzo, hata mama mzazi wa mwenyeji wetu akachukua kiti chake akaenda kukaa uani, akisema kwa upole kwamba anataka hewa.

"Fundi ameniibia," alisema mwenzetu.

Tuliyakagua meko pamoja naye moto ulipozimwa. Kwa maoni yetu fundi hakuiba. Alibandika vigae kama vinavyobandikwa bafuni, na akapiga mbao kama zinavyopigwa kwenye fremu ya mlango. Aliambiwa apambe ukuta, akaupamba. Hakuna aliyemkumbusha kwamba nyuma ya ukuta huo kuna moto. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuandike makala haya, kwa ajili ya wenye meko nyumbani, na pia kwa ajili ya wenzetu wengi ambao kazi yao ni kuwajengea wengine.

MEKO YANA KAZI GANI KIGALI?

Huenda msomaji akauliza meko ya ukutani ya nini katika mji huu. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, mchana ni joto la kawaida, na usiku wa baridi kali hatuna. Ni kweli. Lakini wenzetu wa mashamba ya chai kule Mulindi, Kitabi au Gisovu wanajua baridi ni nini, na huko moto wa ndani si mapambo. Hata hapa mjini, katika nyumba kubwa za vilimani na katika hoteli, meko ya sebuleni yanajengwa na kurekebishwa, na mikono inayoyajenga ni ya wafanyakazi wenzetu.

Zaidi ya hayo, kila nyumba ina moto wa aina fulani. Uchunguzi wa serikali wa hali ya maisha ya kaya wa mwaka 2016/17 ulionyesha kwamba karibu kaya nane katika kila kumi nchini Rwanda zilikuwa zikipika kwa kuni, na nyingi kati ya zilizobaki zilitumia makaa, hasa mijini. Wengine wana mafiga matatu, wengine imbabura ya makaa, wengine rondereza, yaani lile jiko la udongo ambalo jina lake kwa Kinyarwanda lina maana ya kuweka akiba. Mengi tutakayoyasema hapa yanahusu hayo yote, maana moshi na joto havichagui nyumba.

MOSHI NDIO WA KWANZA

Kabla ya kununua hata kigae kimoja, washa moto mdogo katika meko yako ya zamani na utazame moshi unakokwenda. Ukirudi chumbani, vigae havitauzuia.

Sababu huwa chache. Ya kwanza ni dohani iliyoziba kwa masizi, au kwa kiota cha ndege, au kwa tofali lililoanguka. Ya pili ni dohani fupi. Katika sheria za ujenzi za Marekani iko kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuishika kichwani: dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho karibu nayo kwa mita tatu, iwe ni kilele cha paa au ukuta wa jirani. Dohani ya mwenzetu ilitokeza kiasi cha mkono mmoja tu. Jirani alikuwa amejenga ghorofa upande wa pili, na upepo uliogonga ukuta ule ulikuwa ukiusukuma moshi urudi chini.

Ya tatu ni mdomo mpana mno kwa dohani iliyo nyembamba. Mafundi wengi hukadiria kwamba tundu la dohani liwe na eneo la sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Mdomo wa meko ya mwenzetu una upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 50, yaani sentimita za mraba 3,000. Kwa hiyo dohani yake ingepasa kuwa na sentimita za mraba 300, kama tundu la 17 kwa 18 hivi. Tulipopima tukakuta 12 kwa 15, nayo ilikuwa imevaa masizi ya unene wa kidole.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1790 mtu mmoja aliyeitwa Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Rumford, alizunguka katika nyumba za London akirekebisha meko yaliyokuwa yakijaza moshi sebuleni. Hakuongeza mapambo yoyote. Alipunguza kina cha meko, akazikata kuta za pembeni mshazari ili zirudishe joto chumbani, na akalibana koo la dohani mahali linapoanzia ili moshi upande kwa kasi. Kuni zilezile zikatoa joto zaidi na moshi ukatoka nje. Alifanya hivyo kwa matofali na chokaa tu, vitu ambavyo hata sisi tunavyo.

Tusiudharau moshi kwa kuwa tumezaliwa nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mama anayeinama juu ya mafiga asubuhi na jioni anapata moshi mwingi kuliko mume wake anayelalamikia moshi wa mashine kazini.

Hewa ya kuingia nayo ihesabiwe. Moto unavuta hewa ya chumba na kuitoa dohanini, na chumba kilichozibwa madirisha yote hakina cha kuupa. Dirisha liachwe wazi kidogo hata kama mvua inanyesha.

NDANI YA MEKO SARUJI HAIFAI

Fundi wa mwenzetu alikuta matofali ya ndani yamelegea, akayasiriba kwa saruji safi, nzuri, nyororo. Hapo pia alikosea, ingawa kosa hili halikuonekana Jumapili ile. Lingeonekana baada ya miezi.

Saruji ya kawaida hushika kwa sababu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Joto linapofika nyuzi 400 na kuendelea, maji hayo hutolewa na saruji hupoteza nguvu. Meko yakipoa, hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba, ikapasuka. Siku ya pili moto unawashwa tena. Moto wa kuni huzidi nyuzi 600 kwa urahisi, kwa hiyo hakuna saruji ya kawaida inayoweza kudumu pale.

Kinachofaa ndani ni matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, na kama fedha inatosha, matofali maalumu ya kuhimili moto. Yajengwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga laini, au na vigae vya vyungu vilivyopondwapondwa. Hapa Kigali hatuna shida ya udongo. Mabonde ya Nyabarongo yamejaa udongo wa matofali, na kule Ruliba kuna kiwanda kinachofyatua na kuchoma matofali na vigae kwa wingi. Anza na kipimo kimoja cha udongo kwa viwili vya mchanga, kisha ujaribu: finyanga vijiti vinne vitano vyenye unene wa kidole, uvianike kivulini. Vikipasuka, ongeza mchanga. Vikimomonyoka mkononi, ongeza udongo. Kiungo kati ya tofali na tofali kiwe chembamba, maana udongo mwingi ndio unaopasuka.

Kati ya ukuta huu wa ndani na ukuta wa nje wenye vigae paachwe nafasi ndogo, hata ya unene wa kidole. Tofali la ndani likipata moto hutanuka. Likikosa nafasi ya kutanukia, husukuma ukuta wa nje, na ukuta wa nje huvitupa vigae. Vile vigae viwili vya Jumapili vilianguka kwa njia hii.

Lipo onyo moja ambalo hatuna budi kulitoa kwa sauti kubwa. Zamani watu walitumia vipande vya bati la asbesto, yale mabati ya kijivu ya saruji, kukinga joto la moto. Nyumba na majengo mengi ya Rwanda yaliezekwa kwa mabati hayo, na serikali iliamua yaondolewe nchi nzima, kazi ambayo imekuwa ikisimamiwa na Rwanda Housing Authority. Nyuzi zake zikivunjwa huruka, huingia mapafuni, na huleta saratani baada ya miaka 20, 30 hata 40. Ukikuta kipande cha namna hiyo nyuma ya meko yako, usikikate, usikivunje kwa nyundo, usikifagie kikavu. Acha kazi, funga chumba, toa taarifa katika ofisi za serikali za mtaani kwako. Na yeyote atakayekuuzia bati la zamani la asbesto kwa bei ya kutupa, mwachie.

VIGAE: WAPI NA VINGAPI

Sasa tufike kwenye vigae, ambavyo ndivyo vilivyotuleta.

Vigae vinavyong'aa ni vya nje ya mdomo tu. Ndani ya meko havina kazi. Sura yake ya kioo na udongo wa nyuma havitanuki sawasawa, na moto wa moja kwa moja huvipasua. Nje, kuzunguka mdomo na sakafuni mbele yake, vinafaa sana, kwa kuwa masizi yanapanguswa kwa kitambaa na cheche inayoruka haikuti kitu cha kuunguza.

Sakafu ya mbele ndiyo ambayo watu huisahau. Kwa meko yenye mdomo mdogo kama ule wa mwenzetu, kanuni za Marekani tulizozitaja zinataka sakafu isiyoshika moto itokeze mbele angalau sentimita 40, na ipite mdomo kwa sentimita 20 kila upande. Mdomo ukiwa mkubwa zaidi, sakafu nayo iongezwe.

Tupige hesabu ya meko yale. Mdomo ni 60 kwa 50. Sakafu ya mbele itakuwa na upana wa 60, jumlisha 20 na 20, yaani sentimita 100, na kina cha 40. Kwa vigae vya 20 kwa 20, hapo vinaingia 10. Kuzunguka mdomo tunataka mkanda wa sentimita 20. Mstari wa juu una urefu wa sentimita 100, vigae 5. Kila upande una kimo cha 50, vigae viwili na nusu, kwa hiyo pande mbili zinakula vigae 5. Jumla ni 20. Nunua 22, kwa sababu kimoja kitavunjika wakati wa kukata na kimoja ukiweke akiba. Mwenzetu alikuwa amenunua 40, na kwa tofauti ile angeweza kulipia matofali yote ya ndani.

Ukuta wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta au uliojaa masizi haushiki kitu. Ukwanguliwe kwa kulowesha maji, utobolewe vidonda kwa patasi, uoshwe. Vigae vya udongo vinavyonyonya maji viloweshwe kabla ya kubandikwa kwa saruji, la sivyo vitanyonya maji ya saruji na saruji itakauka kabla ya kushika. Gundi ya dukani nayo isomwe kwenye mfuko wake: iko inayostahimili joto na iko ya bafuni, na bei hutofautiana kidogo tu. Saruji au gundi isambazwe nyuma ya kigae chote. Donge katikati peke yake huacha hewa kwenye kona, na kona ndiyo inayobanduka.

Anza na mstari wa chini ukitumia pimamaji. Usiamini sakafu, maana sakafu za nyumba zetu nyingi zimelala upande.

MBAO NA UMBALI WAKE

Mbao zinaipa sebule uso mzuri, nasi hatupingi. Ila ubao ni kuni iliyopigwa randa. Na tena ubao hauhitaji kuguswa na ndimi za moto ili uungue. Ukipata joto la wastani kila siku kwa miaka, hukauka, hubadilika rangi, huanza kugeuka makaa ndani kwa ndani, na siku moja hushika moto kwa joto ambalo mwaka wa kwanza lisingeutisha.

Kanuni za kukumbuka ni mbili. Ubao usikaribie mdomo wa meko chini ya sentimita 15, upande wowote. Na ubao ulio ndani ya sentimita 30 za mdomo usitokeze mbele zaidi ya sehemu moja ya nane ya umbali wake. Katika meko ya mwenzetu, fremu ya mbao inaanza baada ya mkanda wa vigae, yaani sentimita 20 kutoka mdomoni. Gawanya 20 kwa 8, unapata sentimita 2.5. Huo ndio unene wa ubao wa inchi moja, kwa hiyo fremu inaruhusiwa lakini bila ya nakshi ya kutokeza. Rafu yenyewe, inayotokeza sana, ipande juu kupita sentimita 30. Sisi tulishauri 35. Fundi alikuwa ameiweka sentimita 12 tu juu ya mdomo, ndiyo maana vanishi ilichemka.

Mbao za Kigali hupatikana kwa wingi kwa maseremala wa Gisozi, pale wanapopaita Agakinjiro, mahali ambapo wenzetu wanajua maana ya moto na mbao, kwa kuwa sehemu za soko lile zimewahi kuungua zaidi ya mara moja. Mkaratusi ni wa bei nafuu na ni mgumu, lakini ukiwa mbichi hujipinda na kupasuka, na karibu na moto hufanya hivyo kwa haraka zaidi. Grevilea ina mistari mizuri na inapigika randa vizuri. Kwa vyovyote ulizia ubao uliokaa kivulini miezi mingi. Ukiwa na shaka, gonga: mkavu hulia, mbichi hunyamaza.

Baada ya randa na msasa, paka vanishi au mafuta nje ya nyumba, na moto uwe umezimwa. Mvuke wa tinna hutambaa sakafuni ukatafuta kaa lililo hai. Wanaopenda mafuta ya kitani wajue jambo ambalo limeunguza karakana nyingi duniani: matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa kwenye pembe hupata joto yenyewe na kuwaka bila ya kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Na masalia ya mbao yasichomwe ovyo mekoni. Ubao wenye rangi ya zamani unaweza kuwa na risasi, na vipande vya nguzo za umeme hutiwa dawa ambayo mara nyingi ina sumu ya aseniki. Hiyo haiishi kwa kuungua. Hubaki majivuni na kupanda na moshi.

VUMBI LA ANAYEKATA

Tulimwuliza mwenzetu fundi alikata vigae vipi. Akasema kwa grenda, hapohapo chumbani, vikiwa vikavu, milango imefungwa ili majirani wasilalamike. Vumbi jeupe bado lilikuwa juu ya kabati. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amelala chumba cha pili.

Vumbi hilo lina silika, ambayo imo katika mchanga, matofali, saruji, vigae na mawe. Chembe zinazoua ni zile ndogo zisizoonekana. Zinashuka mpaka chini kabisa ya pafu na kuacha kovu, na kovu hilo halina dawa. Madaktari wanauita ugonjwa huo silikosisi. Anayeupata hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na silika yenyewe imetambuliwa kuwa inaleta saratani ya mapafu. Hili si jambo jipya hata kidogo: Agosti 1930 Shirika la Kazi Duniani liliitisha mkutano wa kimataifa juu ya silikosisi mjini Johannesburg, kwa kuwa wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakifa. Kule Australia, vijana waliokuwa wakikata mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa ajili ya meza za jikoni waliugua kwa wingi, vyama vya wafanyakazi vikapiga kelele miaka kadhaa, na tangu tarehe 1 Julai 2024 mawe hayo yamepigwa marufuku nchini humo. Vumbi la mbao ngumu nalo limo katika orodha ya visababishi vya saratani, hasa ya pua.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Kikata vigae cha mkono, kile kinachochora mstari kisha kuvunja, hakitoi vumbi la kutajika na kinatosha kwa kazi yote ya meko madogo. Palipo na lazima ya mashine, iwe mashine ya maji, na kazi ifanyiwe nje. Usimwagie maji grenda ya umeme ya kawaida, utauawa na umeme. Baada ya kazi sakafu ioshwe, isifagiliwe kavu. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe hizi. Barakoa ya kweli ya vumbi ndiyo inayozuia, nayo ikiwa imebana uso.

Kwa mfanyakazi aliyeajiriwa, mambo haya si ya kuomba kwa hisani. Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66 ya mwaka 2018, inamdai mwajiri alinde afya na usalama kazini. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazini katika Rwanda Social Security Board, asilimia 2 ya mshahara, hulipwa na mwajiri. Shida kubwa iko kwa kibarua wa siku anayelipwa mkononi na ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Akianza kukohoa baada ya miaka kumi, nani atasema alivuta vumbi la nani? Kwa hiyo tunawaambia vibarua wa ujenzi: andika katika kijitabu chako tarehe, mahali, kazi na aliyekuajiri, hata kama ni siku tatu tu. Na wewe mwenzetu unayemwita fundi nyumbani kwako, siku hiyo ni wewe mwajiri. Mpe maji, mpe mahali pa kukatia nje, wala usimharakishe.

KWA WAPANGAJI NA WENYE IMBABURA

Mpangaji asitie fedha katika meko ya nyumba ya mtu kabla ya kuandikiana na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa katika kodi, au angalau kodi haitapandishwa kwa sababu ya vigae alivyoviweka mwenyewe. Tumeona mambo ya kushangaza. Kutoboa paa au kubadili ukuta, uliza kwanza katika ofisi ya Sekta kama kibali chatakiwa.

Wenye rondereza wanaweza kuisiriba kwa udongo na kuweka vigae vichache upande wa nje na juu ya meza yake, mbali na mdomo, kwa kanuni zilezile. Wenye imbabura hawahitaji kigae. Wanahitaji dirisha. Kamwe isiingizwe chumba cha kulala ili kuleta joto, hata ikiwa makaa yamekuwa mekundu bila moshi, kwa maana hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu na watu wamelala nayo wasiamke. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja kwa watu wawili pamoja, tokeni nje mara moja.

Mtoto akiungua, maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili, kisha zahanati. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga.

KUWASHA TENA

Mwenzetu alirudia kazi mwezi uliofuata, na fundi ni yuleyule. Walikaa wakazungumza, fundi akakubali kutoza nusu. Dohani ilisuguliwa, ikapandishwa. Tundu lisingeweza kupanuliwa bila ya kubomoa ukuta, kwa hiyo waliushusha mdomo kwa mstari mmoja wa matofali, moshi ukatii. Kwa kuwa mdomo sasa ulikuwa umeshuka, mkanda wa vigae na rafu vilipimwa upya kutoka ukingo mpya. Vigae vyote vilikatwa uani kwa kikata cha mkono alichokiazima kwa mwenzake.

Kisha ikaja subira, ambayo ndiyo ngumu. Ukuta mpya una maji mengi ndani, na moto mkubwa wa siku ya kwanza huyageuza mvuke unaopasua viungo. Tuliwaambia wasubiri majuma manne ili saruji ya nje ikomae na udongo wa ndani ukauke. Halafu moto wa vijiti vichache kwa nusu saa, kesho yake saa nzima, na kuongeza hivyo kwa juma moja, kabla ya kuweka gogo la kweli.

Juma la sita tulialikwa tena. Tuliweka mkono juu ya rafu chungu cha maharage kikichemka chini yake. Ilikuwa na uvuguvugu tu. Mama mzazi alikuwa amerudi na kiti chake ndani, karibu na dirisha lililoachwa wazi kidogo, akimwuliza fundi atakuja lini kuangalia meko ya dada yake kule Biryogo.